Chumba namba 14: kifunguliwe, kiombewe, au kiachwe na kufuli lake?

Mwanzisha mada

Wangaluka wakuu. Kuna chuo kimoja hapa Mwanza, sikitaji, ni kile ambacho mtoto akipata nafasi mzazi anatangaza mpaka msibani. Wanafunzi wake wanataka uongozi uite wachungaji na mashehe waiombee hosteli ya wavulana kabla ya muhula kuanza. Sababu ni chumba namba 14, ghorofa ya chini, upande wa mawe. Nimeona watu wanacheka. Mimi nilikaa chumba kinachotazamana nacho, kwa hiyo nisikilizeni kwanza ndipo mnirushie mawe. Mji huu mawe hayajawahi kuadimika.

Mwaka 2009, kabla sijafika chuoni, kijana wa chumba hicho, mtu wa Ukerewe, alikwenda kuogelea Jumamosi chini ya hosteli akazama. Wavuvi wa dagaa walimwona siku ya tatu. Wiki iliyofuata wenzake watatu wakahamishwa, mlango ukapigwa kufuli, ikabandikwa karatasi: UKARABATI. Fundi wa ukarabati huo sikumwona mpaka nahitimu. Naambiwa karatasi hubadilishwa ikichakaa.

Marehemu hakuwa na saa wala simu. Kila anayepita koridoni alimuuliza: saa ngapi sasa? Mpaka likawa jina lake, Saangapi. Hayo nilisimuliwa usiku wangu wa kwanza, kama anavyosimuliwa kila mgeni.

Sasa Julai 2011. Waliokuwepo wanaukumbuka ule mgao wa umeme. Mabomba makavu, mitihani ya mwisho wa mwaka imeanza. Tuko wanne, tunasoma kwa mshumaa tuliousimika kwenye kifuniko cha kopo la dawa ya viatu. Giza la mwezi. Ziwani zimejaa taa za wavuvi wa dagaa, utasema mji umehamia majini, na sisi wa nchi kavu ndio tuko gizani.

Kwanza tukasikia mburuzo. Kitu kinaburuzwa sakafuni, kinatulia, kinaburuzwa tena. Tukanyamaza. Kisha maji yakamwagika, mengi, kwa kishindo. Mwenzetu mmoja, Mhaya, akasema bomba limerudi. Akaenda koridoni kulifungua. Likapuliza hewa tu.

Alikawia kurudi. Aliporudi alisimama mlangoni akauliza kwa sauti ndogo nani kati yetu kamwaga maji. Tukatoka na mshumaa. Maji yalikuwa yanatoka chini ya mlango wa 14, polepole, yakifuata ufa wa sakafu kuja kwetu. Nikainama. Yananuka shombo. Hayo hayakuwa maji ya bomba wala ya tanki, yalikuwa maji ya ziwa. Aliyekulia Kirumba hahitaji kuambiwa. Kufuli liko palepale, lina kutu, buibui katanda juu yake.

Kila ninayemsimulia anasema yeye angekimbia. Miguu haikuulizi wewe unataka nini. Tulisimama. Ndani mtu akakohoa. Halafu ikaja sauti ya chini, ya mtu anayejitahidi asiwasumbue wengine:

“Saa ngapi sasa?”

Yule Mhaya, adabu za kwao zikamtangulia, akatazama simu yake akajibu: “Saa tisa kasoro dakika kumi.”

“Asante.”

Mshumaa tuliuacha hapohapo sakafuni. Usiku ule tulilala kwenye ngazi za maktaba, na mmoja wetu alipata sapu mbili.

Pamoja na hayo yote, msimamo wangu ni kwamba chumba kifunguliwe. Mchana kweupe, mbele ya wanafunzi. Uongozi useme nani alikufa na alikufaje, familia yake iitwe, kisha vitanda virudi kazini. Maombi sikatai, ila wasiombee mlango uliofungwa. Nyie mnasemaje?

Muuguzi wa Bukoba

Mkuu, umesimulia vizuri, na hapo ndipo tatizo lilipo.

Nilitaka kusema mlikabwa na jinamizi. Mtu aliyekesha siku tano hufunua macho mwili bado umelala, akaona kivuli kimemkalia kifuani. Lakini mlikuwa wanne, mko macho, mmesimama. Basi niwakumbushe kitu cha huku kwetu. Tarehe 30 Januari 1962, shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, wasichana watatu walianza kucheka wasiweze kuacha. Kicheko kikasambaa, na kilio ndani yake, na kukimbia ovyo. Ilipofika 18 Machi shule ikafungwa. Wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wameshapatwa. Waliporudishwa nyumbani kikahamia vijijini, kikafika mpaka Nshamba. Damu zilipimwa, chakula kikachunguzwa, hakikuonekana kitu. Na walimu hakuna aliyecheka.

Hilo la walimu ndilo lishikeni. Waliopatwa ni watoto waliofungiwa pamoja, wenye hofu moja, wasio na pa kuisemea. Hosteli ya wiki ya mitihani ina tofauti gani? Sasa leteni mkesha, vipaza sauti, watu wanaangushwa mapepo uwanjani. Mtaupanda ugonjwa kwa mikono yenu. Na hilo la kufungua mbele ya wanafunzi wote ni mkesha uleule, umeondolewa kwaya tu. Kifunguliwe likizo kimyakimya, kipigwe rangi, namba ibadilishwe. Mwaka wa kwanza watakaoingia hawatajua lolote.

Nipo Geto

Mimi niko chuo hichohicho mwaka wa pili. Hosteli nimekosa mara mbili. Napanga geto mlimani, ngazi za mawe utadhani naenda kuchunga mbuzi, na mvua ikinyesha siendi darasani. Chumba kina vitanda vinne, analala marehemu mmoja. Basi tumpe kimoja, vitatu tugawiwe. Kama anauliza saa nitamnunulia ya ukutani.

Mama Nansio

Wanangu, hamjambo. Naomba tusicheke sana. Mimi wa Ukerewe, na habari ya kijana yule niliisikia msibani, sikuisoma mahali.

Mama yake alipokuja kuchukua mwili aliomba kitu kimoja, aingie chumbani akae kwenye kitanda cha mwanawe. Akaambiwa kunafanyiwa usafi. Begi na madaftari akaletewa getini. Shuka moja haikuwemo. Mwaka mzima mama yule alikuwa akiisema ile shuka, maana aliinunua mwenyewe.

Wewe muuguzi unasema rangi na namba mpya. Tuna makaburi ya Igoma hapa, ya ndugu zetu waliozama na meli ya MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996. Walikufa zaidi ya mia nane. Hebu niambie, nani anaogopa kupita Igoma? Watu wanauza nyanya, daladala zinapiga honi, ikifika tarehe hiyo ndugu wanaenda wanalia, wanarudi nyumbani. Wale tuliwalilia mchana. Huyu mmoja kafungiwa chumbani na shuka yake, ndiyo maana anasumbua. Mzimu hapo sijauona. Nimeona mama ambaye hakuruhusiwa kuingia.

Muuguzi wa Bukoba

Shikamoo mama. Hilo la shuka sikulijua. La kuiita familia nakubali. La uwanja mzima kushuhudia bado nakataa.

Kaka wa Pasiansi

Mnakuza mambo. Kila chuo kina mzimu wake, hata huko Uingereza vyuo vyao vya kale wanajisifu navyo, watalii wanalipa kiingilio kuoneshwa. Hadithi ya mzimu haijawahi kumdhuru mtu. Waacheni vijana wasisimke, kufuli likae, likizo njema.

Mwanzisha mada

Kaka wa Pasiansi, nilikuwa sitaki kufika huku. Umenifikisha.

Mzimu wa Uingereza ukishaonekana kazi yake imeisha, watu wanapiga picha. Huku kwetu mtu akisema kamsikia marehemu, swali linalofuata ni moja: nani kamchukua? Siku mbili baada ya usiku ule, hosteli nzima ilishaamua kwamba Saangapi hakufa. Ni msukule. Aliyezikwa Ukerewe ni mgomba, mwenyewe yumo humo 14, anachoteshwa maji ziwani usiku. Na msukule lazima awe na mwenyewe.

Nje ya uzio upande wa mawe kulikuwa na bibi anauza matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha, na karanga. Mjane, macho mekundu. Usukuma mnajua macho mekundu yamewaua vikongwe wangapi, na hayo macho ni moshi tu, miaka hamsini ya kupikia kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa. Mwanafunzi mmoja akasema amemwona magharibi, nyuma ya dirisha la 14, na bakuli lililofunikwa. Mwingine akaapa kwamba ndani ya bakuli mlikuwa na pumba, chakula wanachosema hulishwa msukule.

Hao ni wasomi, wakuu. Wa sheria walikuwepo, wa ualimu, mmoja sasa ni hakimu. Alasiri ile walikwenda kundi zima, wakapindua meza yake, wakamwambia amrudishe mwenzao. Mimi sikupindua meza. Nilisimama nyuma na mkono mfukoni, na niliamini kila neno. Mlinzi ndiye aliyemwingiza bibi kwenye kibanda chake mpaka giza lilipoingia. Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa. Tukasikia mdogo wake amekuja na baiskeli kumchukua, wameelekea Magu.

Chuo kilijua. Hawakutoa tangazo hata la mstari mmoja. Wangesema tu: kijana alizama, alizikwa, mama yake alikuwepo, funguo ni hizi, njooni muone. Hilo kufuli unalosema likae, aliyelilipia ni bibi wa nje ya uzio, hata kiingilio cha hosteli hajawahi kupewa.

Kaka wa Pasiansi

Nimesoma. Maneno yangu nayarudisha, ila siyafuti, watu waone nilichosema.

Nipo Geto

Aisee. Na mimi nilikuwa nafanya utani.

Mchungaji asiye na kanisa

Kwa niaba ya tunaotaka maombi. Ndugu mleta mada unatupakazia. Sisi tunaomba ili hofu iondoke, hatutafuti mchawi. Ila nikiri, niliwahi kuhudhuria maombi ya namna hii shule moja ya sekondari, na katikati ya maombi binti mmoja alianguka akaanza kutaja majina. Alitaja la mpishi. Mpishi hakumaliza muhula. Kwa hiyo sharti langu liwe hili: maombi yawepo, vipaza sauti visiwepo, na atakayetaja jina la mtu atolewe nje.

Muuguzi wa Bukoba

Sharti hilo nalipenda. Ila aliyeanguka unamtoaje nje?

Mama Nansio

Anabebwa.

Mchangiaji mpya

Habari zenu. Najiunga leo kwa sababu mtu amenitumia mjadala huu akaniuliza kama namkumbuka Mhaya mwenye adabu. Namkumbuka.

Mwaka ule mkopo wangu ulichelewa mpaka ukawa haupo. Nilibebana na watu, leo kitanda hiki, kesho kile, mpaka nikachokwa. Dirisha la 14 nyuma lilikuwa na nondo moja iliyolegea. Mlinzi alinionesha yeye mwenyewe, akasema yeye hajaona kitu. Nikakaa humo miezi mitano. Mchana natoka mapema, usiku narudi. Maji nilikuwa nateka ziwani na dumu la lita ishirini, naliingiza dirishani, naliburuza mpaka kona ya mlango kusiko na dirisha, nioge asinione mtu. Usiku mnaousema nililipindua gizani. Simu ilikuwa imezima siku mbili kwa mgao, na asubuhi nina mtihani saa mbili. Nikasikia watu koridoni. Nikafikiri nikiuliza saa kwa upole wataona ni mtu tu. Habari za Saangapi nilikuwa sizijui. Nani angenisimulia, kitanda chenyewe sina?

Ile shuka ya Ukerewe ilikuwemo, chini ya godoro la pili. Ya bluu, ina maua. Sikuilalia. Kama kuna anayemfahamu mama yule, chumba kikifunguliwa aelekezwe hapo.

Mnabishana kifunguliwe mbele ya watu au kimyakimya. Mimi naomba mbele ya watu, na niitwe, nioneshe ile nondo kwa mkono wangu. Maana yule bibi bakuli lile lilikuwa langu. Nilikuwa nakula kwake kwa mkopo, na kwa kuwa nilikuwa naona haya kusimama mezani pake na wenzangu wananitazama, akawa ananiletea dirishani magharibi. Hayakuwa pumba. Yalikuwa matobolwa na karanga.

Siku walipopindua meza nilikuwa ndani. Nilisikia yote. Ningetoka wangeona mlango ulivyo, mlinzi angefukuzwa, mimi ningefukuzwa, na ilikuwa imebaki mitihani miwili. Nikakaa. Nilifaulu yote.

Alipoondoka alikuwa ananidai elfu nne na mia tano. Magu nimekwenda mara tatu, sijapata wa kunionesha nyumba.