Mjadala: Sungura akikwepa kikwazo, hiyo ni akili au ni wizi?

Mwalimu wa Mwanga (Kigoma):
Wakuu, tujadili bila matusi. Hadithi tunazowasomea watoto karibu zote zina mchezo mmoja. Kuna kikwazo, wenye nguvu wanahangaika nacho, halafu mjanja anapita pembeni. Wanyama wanachimba kisima wakati wa kiangazi, Sungura anagoma kuchimba, lakini maji anakunywa. Wakiweka mlinzi, Sungura anamlambisha asali, anamdanganya kwamba utamu wenyewe hausikiki mpaka mtu afungwe kamba. Mlinzi anafungwa, maji yanachotwa. Darasa zima linamshangilia nani? Yule ambaye hakushika jembe. Halafu tunashangaa mtoto huyohuyo akiingia kwenye mtihani na kikaratasi kwenye soksi. Nasema hadithi hizi zipunguzwe darasa la kwanza mpaka la nne, zibaki zile ambazo kikwazo kinavukwa kwa jasho. Mnasemaje?

Mizinga Kumi (Sikonge, Tabora):
Mwalimu, hiyo asali umeipunja. Umeisimulia kama vile Sungura alifika, akamwaga, akafunga. Hadithi haiendi hivyo. Anafika na kibuyu, haangalii kisima kabisa, anajisemesha peke yake: mimi sina shida na maji yenu, nina maji matamu. Mlinzi anauliza matamu vipi. Sungura anachovya kijiti, anamgusisha ulimini kidogo tu. Mlinzi anaomba tena, Sungura ANAKATAA. Hapo kwenye kukataa ndipo penye hadithi. Akishakataa, mlinzi mwenyewe ndiye anayeuliza masharti, na kamba anaiomba yeye. Msimulizi akiruka kule kukataa anabaki na mlinzi mjinga, na mlinzi mjinga hamfurahishi mtoto wa miaka sita.

Mama Katonga:
Mwalimu, na mwisho umeupeleka wapi? Kobe anapakwa ulimbo mgongoni, anajilaza kisimani kama jiwe. Sungura anakanyaga, mguu unanasa. Anampiga teke kwa mguu wa pili, nao unanasa. Mkono, mkono, mpaka kichwa. Watoto wanacheka hapo kuliko kwenye asali. Wewe umeikata hadithi katikati halafu unaishtaki.

Mwalimu wa Mwanga:
Mama yangu, shikamoo. Sijaukata. Kuna wasimulizi wengi wanaoishia Sungura anapokimbia na maji, na mtoto anabaki na hapo alipoishia msimulizi.

Mboka Manyema (Tabora):
Tatizo si Sungura, ni wasimulizi wavivu. Kukwepa kikwazo kuko kwa aina mbili na mnazichanganya.

Ya kwanza, tundu linatobolewa na mwenye ukuta. Kima yuko katikati ya bahari juu ya mgongo wa papa. Papa anasema: tunakwenda kwetu, sultani mgonjwa, dawa yake moyo wa kima. Asingesema, Kima asingekuwa na pa kushika. Kwa kuwa kasema, Kima anajibu: ungeniambia mapema, sisi mioyo yetu tunaiacha mtini, turudi nikaichukue. Au Abunuwasi na nyumba ya hewani. Sultani kaagiza nyumba ijengwe angani. Abunuwasi anarusha tiara yenye kengele, anamwambia sultani: wasikie mafundi wako wanagonga, wanataka mawe na chokaa, wapelekee. Sultani hawezi kusema hakuna njia ya kupanda bila kukiri kwamba agizo lake halitekelezeki. Angalia Simba aliyejificha nyumbani kwa Sungura. Sungura anaita kutoka mbali: nyumba, hujambo? Kimya. Ajabu, kila siku huwa inaitika! Simba anaitika. Kwisha.

Aina ya pili, tundu linatobolewa na mwandishi. Shujaa kafungiwa, ghafla ana pini ya nywele mfukoni. Huo ndio wizi, na anayeibiwa ni msomaji.

Hata ninyi watu wa mwisho wa reli mnalijua hili. Kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia Mwingereza alipitisha boti milimani, akazishusha Ziwa Tanganyika, akaizamisha meli yenu ya Mjerumani. Nani alisema kaiba?

Migebuka Miwili (Ujiji):
Simama hapohapo. Nani kakwambia Mwingereza aliizamisha? Hiyo meli, Goetzen, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe, Julai 1916, karibu na mlango wa Malagarasi, isije ikaangukia mikononi mwa adui. Na mafundi waliipaka mitambo grisi nzito kabla ya kuiachia maji, kwa nia ya kuja kuiopoa. Ndiyo maana ilipoinuliwa 1924 mashine zilikuwa zinafaa, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ukitaka mfano wa kukwepa kikwazo, huo ndio mfano. Huwezi kuilinda meli juu ya maji, basi ifiche chini ya maji. Wewe wa njia panda ya reli unakariri nusu.

Mboka Manyema:
Nimeuliza swali dogo. Boti zilipita milimani au hazikupita?

Migebuka Miwili:
Zilipita. Ziliitwa Mimi na Toutou, mbili, futi 40 kila moja. Meli mpaka Cape Town, reli mpaka Katanga, kisha milima ya Mitumba zikivutwa na mashine za mvuke na ng'ombe, reli tena, mto Lualaba, reli tena, ziwani. Tarehe 26 Desemba 1915 zikaikamata Kingani, meli ndogo ya Wajerumani, na Februari 1916 Mimi pamoja na hiyo Kingani iliyotekwa zikaizamisha nyingine yao, Hedwig von Wissmann. Goetzen hazikuigusa. Ilikuwa kubwa kuliko zote, na imebeba mzinga wa milimita 105 uliotoka kwenye manowari Königsberg. Umeua samaki wawili wadogo halafu unasimulia kwamba umevua sangara.

Mboka Manyema:
Kwa hiyo zilipita. Asante.

Mizinga Kumi:
Hahaha, "Mimi". Hilo jina alilitoa Mwaha gani?

Migebuka Miwili:
Si Kiswahili. Ni mlio wa paka kwa Kifaransa, na Toutou ni wa mbwa, ndivyo alivyoeleza kamanda wao Spicer-Simson. Kwanza aliomba boti ziitwe Paka na Mbwa kwa Kiingereza, wakubwa wa jeshi la majini wakakataa. Akaleta Mimi na Toutou, wakapitisha.

Mama Katonga:
Huyo kamanda naye ni Sungura. Kakatazwa neno, kapeleka mlio.

Mwalimu wa Mwanga:
Jamani, turudi kwenye mada. Ila Migebuka kanisaidia bila kujua. Kupitisha boti milimani ni kazi kubwa kuliko kupigana. Miti ikatwe, madaraja yajengwe, ng'ombe wavute. Jasho lipo. Hilo silipingi. Ninapinga kupita bila jasho.

Migebuka Miwili:
Sikusaidii, namsahihisha mtu wa Tabora.

Fundi Vitasa:
Nimesoma hapo juu "pini ya nywele". Mnalisema kwa dharau lakini hamjui kwa nini ni uongo, nanyi mkiandika mtarudia kosa hilohilo. Kitasa cha silinda cha kawaida kina pini tano, wakati mwingine nne au sita. Kila tundu lina pini mbili, ya chini na ya juu, na springi inayozisukuma. Ufunguo sahihi unazipanga ili maungio ya pini zote yakae sawa na ukingo wa silinda, ndipo inazunguka. Bila ufunguo unahitaji vyuma VIWILI. Kimoja kinakaza silinda kama unataka kuizungusha, tena kwa nguvu ndogo sana. Cha pili kinainua pini moja moja. Usipokaza, kila pini unayoinua inarudishwa chini na springi. Ukikaza sana, zote zinabana na hakuna inayopanda. Shujaa wa filamu anachomeka pini moja, anaitikisa mara mbili, mlango wazi. Anakaza na nini? Na mlango ukiwa na komeo kwa ndani, hata vyuma kumi haviusaidii. Komeo halina pini.

Mboka Manyema:
Fundi, umesema kweli, lakini hilo si kosa la hadithi. Hadithi inaweza kudanganya kuhusu kitasa. Isidanganye kuhusu yenyewe. Kama ukurasa wa tatu umemwonyesha dada yake akikaza skrubu za miwani kwa pini, ukurasa wa hamsini nakubali mlango ufunguke.

Fundi Vitasa:
Mimi sikubali. Skrubu si kitasa.

Mama Katonga:
Afadhali kitasa. Mimi nachoka na shujaa anayetambaa kwenye bomba la hewa darini. Hadithi imewekwa Mwanga, nyumba ya bati, hilo bomba limetoka wapi? Nyumba zetu zina matundu ya hewa juu ya dirisha, panya anapita kwa shida. Mwandishi anayetaka kumpitisha mtu juu, ampitishe kwenye bati, halafu atueleze alivyong'oa misumari yenye kofia. Kila msumari umeingia kwenye ubao na ukitoka unalia, mtaa mzima unaamka. Hapo sasa tuna hadithi: anafanyaje usilie? Anasubiri mvua. Mvua ikipiga bati hakuna anayesikia msumari.

Fundi Vitasa:
Mvua ikipiga bati, bati linateleza. Ataanguka.

Mama Katonga:
Ndiyo. Na hiyo ni sura inayofuata.

Mizinga Kumi:
Mwalimu anataka jasho bila ujanja. Mbona kile kitendawili cha chui, mbuzi na majani kinafundishwa shuleni na hakuna anayelalamika? Mtu ana mtumbwi wa kubeba kimoja tu. Akiwaacha peke yao, chui anakula mbuzi, mbuzi anakula majani. Safari tano, wote wamevuka.

Mwalimu wa Mwanga:
Saba. Mpeleke mbuzi, rudi mtupu. Mpeleke chui, RUDI NA MBUZI. Mwache mbuzi, peleka majani, rudi mtupu. Mpeleke mbuzi. Watoto wote wanakwama pale pa kumrudisha mbuzi, kwa sababu kurudisha kitu ulichokwisha kuvusha kunaonekana kama kushindwa. Hii ndiyo akili ninayoitaka. Masharti yote yameheshimiwa, hakuna aliyedanganywa.

Mizinga Kumi:
Saba, sawa. Lakini mbuzi anaogelea. Mfunge kamba nyuma ya mtumbwi, chui ndani. Mkifika mwache chui, rudi na mbuzi, pakia majani, mbuzi nyuma tena. Safari tatu.

Mwalimu wa Mwanga:
Huo ndio wizi ninaousema! Swali limesema mtumbwi unabeba kimoja.

Mizinga Kumi:
Na umebeba kimoja. Mbuzi hajabebwa, kavutwa.

Migebuka Miwili:
Vuta mbuzi kwa kamba kwenye Malagarasi uone. Mamba atakupunguzia safari zibaki mbili.

Mboka Manyema:
Mizinga kashinda, na Mwalimu, Mwalimu Nyerere hayuko upande wako. Alisoma hapa Tabora, na mwaka 1969 ikatoka tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, Mabepari wa Venisi. Hukumu yote mle ndani ni ya mbuzi wa kuvutwa. Mkopo ni dukati 3,000 kwa miezi mitatu, dhamana ratili moja ya nyama ya mdaiwa. Mdai kakataa hata kulipwa zaidi, anataka kilichoandikwa. Porshia hapingi mkataba. Anausoma: nyama imeandikwa, damu haikuandikwa, kata bila kumwaga tone. Tundu kalitoboa nani? Mdai mwenyewe, pale alipong'ang'ania herufi.

Fundi Vitasa:
Hiyo hukumu mbovu. Ukimuuzia mtu mti uliosimama, umemuuzia na haki ya kuukata. Nyama bila damu haipo, kwa hiyo aliyekubali nyama kakubali na damu.

Mboka Manyema:
Kisheria, ndiyo. Kwenye jukwaa, hapana. Mdai amekataa huruma mara tatu mbele ya watu. Angekubali hata mara moja, mtazamaji asingeivumilia hiyo hila.

Mizinga Kumi:
Kama kukataa kwa Sungura kule juu. Bila kukataa, hakuna hadithi.

Migebuka Miwili:
Mwalimu Nyerere alisoma Tabora, sawa. Ila mmeona alivyoichomeka Tabora kwenye habari za Venisi?

Mwalimu wa Mwanga:
Basi, nimewasikia. Sisemi tena zipunguzwe. Nasema msimulizi afikishe mtoto mpaka kwa kobe na ulimbo, na kule kukataa kwa kwenye asali kusirukwe.

Mama Katonga:
Mwanangu, hilo silo ulilosema asubuhi.

Mwalimu wa Mwanga:
Nimeenda, nimemrudisha mbuzi.

Fundi Vitasa:
Hakuna aliyenijibu: huyo mtu alikuwa na chui wa nini?

Migebuka Miwili:
Na wewe wa Tabora hujaandika kwamba Goetzen ilizamishwa na Wajerumani. Naona unapita pembeni.

Mboka Manyema:
Ilizamishwa na maji, mzee wangu. Yaliyoingia baada ya Wajerumani kuyafungulia.