Dawati la jinsia chuoni: tufanye nini zaidi ya semina ya mwaka wa kwanza?

Kibatari: Wakuu, habari za mchana. Dawati letu linapanga ratiba ya mwaka. Tulichozoea ni semina moja kwa wapya wote, halafu fulana na maandamano ya Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, Novemba 25 hadi Desemba 10. Vipigo kwenye mahusiano viko palepale, hasa kwa wanaokaa mageto, vyumba vya kupanga nje ya chuo. Fedha kiduchu. Tuanzie wapi?

Mnasihi_TZ: Semina ya ukumbi mzima huwaachia watu majina ya aina za ukatili, basi. Igawanyeni: makundi ya watu 20 hadi 25, vikao vinne vya dakika 90, kimoja kila wiki. Viwili vya kwanza wavulana peke yao na wasichana peke yao, kisha wachanganyike.

Msianze na kofi. Anzeni na simu: nani ana nywila ya nani, nani lazima apige picha kuonyesha yuko wapi. Waelekezeni wafungue WhatsApp, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, waone kama kuna kompyuta wasiyoijua. Kisha pesa. Bumu, yaani pesa ya mkopo ya kujikimu, likitoka na kadi ya benki iko mfukoni mwa mpenzi, hiyo ni dalili hata kama hajawahi kuinua mkono.

Vikao vya mwisho viwe mazoezi ya jirani. Ukisikia vishindo usiku, gonga, omba chaja. Usiingie kuamua nani mkosaji. Usipofunguliwa, ita wengine wawili, mlinzi au mwenye nyumba. Kisingizio cha chaja kinachekesha, lakini kinakatiza kipigo bila kumpandisha mtu hasira.

Wakili wa Mtaani: Naongezea upande wa sheria, maana mabango mengi yanakosea. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 kinakataza kumpiga mwenzi wa ndoa. Wapenzi wa chuo ambao hawajaoana hawamo, isipokuwa walioishi pamoja miaka miwili au zaidi na kujulikana kama mume na mke: hao kifungu cha 160 huwachukulia kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa wapenzi wasiooana andikeni Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 241, shambulio la kudhuru mwili. Vitisho na matusi ya mtandaoni yamo kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015.

PF3, fomu ya polisi ya kumpeleka aliyeumizwa hospitali, hutolewa kituoni; ombeni Dawati la Jinsia na Watoto la hapo polisi. Aliye mahututi apelekwe hospitali kwanza, fomu ifuate. Kwa aliyebakwa, dawa kinga ya VVU ianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndiyo bora. Asioge kabla ya kupimwa. Nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, maana kwenye plastiki unyevu huozesha ushahidi.

Kibatari: Ahsanteni. Kuna wanaoshauri tuwaite wote wawili ofisini tuwakalishe chini wayamalize.

Mnasihi_TZ: Hapana, hapo ndipo madawati mengi yanapoharibu. Aliyepigwa hawezi kusema ukweli mbele ya atakayerudi naye chumbani. Kila mmoja asikilizwe siku yake.

Pia msimwambie tu "achana naye". Kipindi cha kuachana ndicho cha hatari zaidi. Ulizeni kwanza: amewahi kukukaba shingo? Ametishia kukuua au kujiua? Ana silaha? Anakufuatilia hadi darasani? Kukabwa shingo msikuchukulie kirahisi hata kama hakuna alama, kwani ni miongoni mwa dalili nzito za mauaji ya baadaye. Jibu likiwa ndiyo, asirudi chumbani usiku huo.

Geto Namba 9: Alale wapi sasa? Wengi wamelipa kodi ya miezi sita, hawawezi kuiacha ipotee.

Mnasihi_TZ: Swali la msingi kuliko semina zote. Zungumzeni na mshauri wa wanafunzi mtengewe vitanda viwili hosteli, visipangiwe mtu muhula mzima, ufunguo ukae kwa matroni na si kwa kiongozi wa wanafunzi. Kwa wavulana pia kitengwe kimoja. Hupigwa, ila huogopa kuchekwa. Mhusika aandae mapema kitambulisho, kadi ya benki, vyeti na nauli, aviweke kwa rafiki ambaye mpenzi wake hamjui.

Na majina ya waliokuja kwenu yasiandikwe kwenye kundi la WhatsApp la viongozi. Daftari moja, kabati lenye kufuli, watu wawili tu.