Mtoto kauliza kama kuna viumbe kwenye nyota, chuoni kakemewa. Nisaidieni jibu

Mama Haitham, Micheweni:
Asalaam alaykum. Nna suala naomba mnijibu kwa uzuri kwa sababu limenikaa moyoni. Wiki iliopita umeme ulikatika huku kwetu usiku kucha, tukatandika mkeka uani tukalala nje, na kiza cha huku mnakijua, nyota zimejaa mpaka unaona kama zitakuangukia. Mwanangu ana miaka 11, akanambia mama zote hizi zinawaka na hakuna wa kuziona isipokuwa sisi? Au na kule kuna viumbe? Nikamwambia miye sijui, kesho muulize maalim. Akenda kuuliza chuoni anakosoma Qurani, akakemewa mbele ya wenziwe, akaambiwa hayo ni masuala ya shetani na anaeyafuata mwisho wake hutoka kwenye dini. Karudi kimya. Na huyu mtoto alikuwa haishi kuuliza, sasa hata akirudi skuli hahadithii kitu.

Sitaki kugombana na maalim, kanisomeshea watoto watatu. Nnachotaka kujua ni hivi, hao wataalamu wameshaona kiumbe chochote huko au wanakisia tu, na upande wa dini mtu akidhani kuna viumbe wengine ni kosa? Wasokuwa Waislamu na nyie semeni mnavofunzwa.

Abuu Kojani:
Viumbe si ndo majini hao, wana sura nzima kwenye Qurani, wazungu wanatafuta kwa mabilioni kitu ambacho sisi tunakijua toka utotoni. Mwambie mtoto hivyo basi imekwisha.

Mwalimu wa Fizikia, Unguja:
Waalaykum salaam dada. Abuu Kojani, majini tunayaamini sote lakini mtoto hakuuliza hilo, yeye anauliza kiumbe cha mwili, cha kutiwa kwenye chupa kikapimwa.

Jibu la sayansi kwa leo ni kwamba bado. Hakijapatikana kiumbe hai hata kimoja nje ya dunia, hata kijidudu kisichoonekana kwa macho. Akikwambia mtu wamepatikana na serikali zinaficha, mwambie alete. Lakini bado si sawa na hakuna, na hapa ndo utamu ulipo.

Mpaka mwaka 1995 hatukuwa na uhakika kama nyota nyengine inayofanana na jua letu ina sayari. Mwaka huo wataalamu wawili wa Uswisi, Michel Mayor na Didier Queloz, wakaigundua ya kwanza, na baadae 2019 wakapewa Nobeli kwa kazi hiyo. Leo zilizothibitishwa zimepita 6,000. Kuna nyota moja inaitwa TRAPPIST-1, mwanga wake unachukua miaka kama 40 kutufikia, ina sayari saba zenye ukubwa wa kukaribiana na dunia na baadhi yake zipo kwenye umbali ambao maji yanaweza kukaa bila ya kuganda wala kuchemka. Kama zina maji kweli au ni mawe makavu hilo ndo linalopimwa sasa kwa darubini ya James Webb.

Na si lazima twende mbali hivyo. Sayari ya Mshtarii, katika miezi yake kuna mmoja unaitwa Europa, juu barafu tupu, chini inaaminika kuna bahari yenye maji mengi kuliko bahari zote za dunia, na Oktoba 2024 Wamarekani walirusha chombo kwenda kuuchunguza, kitafika 2030, wakati huo mwanao ndo yuko sekondari. Zohali nayo ina kimwezi Enceladus kinachorusha maji angani kutoka chini ya barafu yake, chombo cha Cassini kilipita ndani ya ule mvuke kikaupima, na 2023 ikatangazwa kuwa mna fosfati ndani yake, kitu ambacho mwili wa kila kiumbe tunachokijua unakihitaji.

Sasa kuhusu kukisia. Kwenye sayari ya Mirihi kuna roboti la Wamarekani linaitwa Perseverance, toka Februari 2021 linatembea sehemu iliyokuwa ziwa zamani sana. 2024 lilikuta jiwe lina madoadoa kama ngozi ya chui, na madini ya kwenye yale madoa hapa duniani mara nyingi hufanywa na vijidudu, lakini yanaweza kutokea vilevile bila ya kijidudu chochote. Kwa hiyo wenyewe waliolikuta hawakusema tumepata uhai, wamesema hii ni dalili inayowezekana, jiwe liletwe duniani lipimwe. Vilevile Aprili 2025 wataalamu wa chuo kikuu cha Cambridge, Uingereza, walisema wameona kwenye hewa ya K2-18b, sayari inayozunguka nyota nyengine, dalili ya gesi ambayo hapa kwetu inatoka kwa vimwani vidogo vya baharini, ile ile inayoipa pwani harufu yake. Nilifurahi siku ile sikulala vizuri. Haukupita muda wenzao wakazipitia zile namba upya wakasema ushahidi hautoshi, na mpaka leo wanabishana. Mfunze mtoto hili hasa, kwamba kwenye elimu hii mtu anaruhusiwa kusema nimeona kitu na mwenzake anaruhusiwa kusema hebu nionyeshe.

Ustadh wa Wete:
Dada Mama Haitham, Allah akulipe kwa kumlinda mtoto na kwa kumtunzia heshima maalim wake vilevile. Nitasema ninachokijua, na anaejua zaidi anisahihishe.

Fungua Suratu Shura aya ya 29, iwe kwenye tafsiri ya Sheikh Abdulla Saleh al-Farsy au nyengine yoyote mlonayo nyumbani. Aya inasema miongoni mwa ishara zake Mwenyezi Mungu ni kuumba mbingu na ardhi na dabba aliowaeneza ndani ya viwili hivyo. Dabba kwa Kiarabu ni kiumbe kinachotambaa au kutembea. Wafasiri toka zamani walilisimamia neno hili. Wapo waliosema makusudio ni ardhini tu, kama vile Suratu Rahman inavosema lulu na marjani zinatoka kwenye bahari mbili na hali zinatoka kwenye moja, na wapo waliosema waliokusudiwa mbinguni ni malaika. Lakini Zamakhshari, na huyu kafariki 1144, hapana roketi wala darubini, aliandika kuwa si jambo la mbali kuwa Mwenyezi Mungu kaumba mbinguni wanyama wanaotembea kule kama watu wanavotembea ardhini. Na Suratu Nahl aya ya 49 imewataja dabba kisha ikawataja malaika mbali, ndo maana wengine wanaona hao dabba si malaika. Basi kama wanazuoni wakubwa waliliweka jambo hili kwenye yanayowezekana, nani leo anaweza kumwambia mtoto wa miaka 11 kuwa ni la shetani?

Na kuuliza kwenyewe, Nabii Ibrahim alimuomba Mola wake amuonyeshe vipi anahuisha wafu na akajibiwa, hakukemewa.

Ila na upande wa pili naomba tuwe waangalifu. Nasikia watu barazani wanasema Qurani imeshathibitisha viumbe wa sayari nyengine, imekwisha hiyo. Hapana. Aya ina uwezekano zaidi ya mmoja, na ukiifunga kwenye habari ya gazeti, siku ile habari ikibadilika kama hiyo ya gesi aloisema Mwalimu, utaifanyaje aya? Mungu kasema anaumba msivovijua. Tuliache na upana wake.

Abuu Kojani:
Ustadh nimekusoma, narudi nyuma. Aya ya Shura nimeipita mara nyingi sikuwahi kulisimamia neno dabba.

Dada wa Mbweni:
Mimi ni Mkristo. Kanisani kwetu sijawahi kusikia mahubiri juu ya hili hata siku moja, nimejisomea mwenyewe tu. Mwaka 2008 padri José Gabriel Funes, aliyekuwa anaongoza kituo cha nyota cha Vatikani, alisema kuamini kuna viumbe huko hakupingani na imani, kwa sababu Mungu hawekewi mpaka wa kuumba. Zamani haikuwa hivyo jamani, mwanafalsafa wa Kitaliano Giordano Bruno alichomwa moto Roma mwaka 1600 na miongoni mwa aliyoshitakiwa ni kusema kuna dunia nyingi. Kwa hiyo Mama Haitham na sisi tumewahi kuwakemea wanaouliza, tena vibaya sana. Suala linalotusumbua sisi ni la wokovu, Yesu alikuja kwa ajili ya wanadamu, sasa hao wengine kama wapo nao walianguka dhambini au hawakuanguka? Sina jibu. Usiku nikitazama juu huwa naisoma Zaburi ya 8, pale anapouliza mtu ni nani hata Mungu amkumbuke.

Mjukuu wa Tunguu:
Miye nataka kuongeza moja tu, mtoto asije akaona haya ni mambo ya wenyewe huko. Kabla ya Mapinduzi pale Tunguu, hapa Unguja, palikuwa na kituo cha Wamarekani cha kufuatilia vyombo vya angani, mwanaanga wao John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962 alizungumza na watu waliokuwa hapa kisiwani. Kiliondoshwa 1964. Babu yangu alikuwa mkata majani kule, akisema jioni ile wafanyakazi walisali magharibi kisha wakatoka nje kutazama juu. Na mwaka 1977 Wamarekani waliporusha vyombo viwili vya angani vya Voyager, vilichukua sahani ya santuri iliyopakwa dhahabu yenye salamu za lugha 55, ikiwa atatokea wa kuisikia. Kiarabu kimo, Kiganda kimo, Kiswahili hakimo, na hili kila nikilikumbuka linaniuma. Voyager 1 inakwenda kilomita kama 17 kwa sekunde na kwa mwendo huo kufika umbali wa nyota iliyo karibu na jua ingechukua miaka zaidi ya 70,000. Kwa hiyo kama wapo, kutembeleana ndo pagumu hapo.

Mama Haitham, Micheweni:
Nimewasomea watoto wote watatu jana baada ya isha, hii simu imeshikwa na watu wanne. Haitham nilimuonyesha aya mwenyewe kwenye msahafu, akaweka kidole pale penye dabba hakukiondoa. La jiwe la madoa ya chui kalitaka mara mbili. Kisha akauliza, na hapa ndo nimerudi kwenu, mtu akenda Europa akitaka kusali kibla kiko wapi?

Ustadh wa Wete:
Mashaallah. Hili lishawahi kuulizwa kweli, 2007 Malaysia walipompeleka mtu wao angani wanazuoni wao walikaa wakamuandikia. Akiweza aelekee Kaaba yenyewe, asipoweza aelekee usawa wake huko juu, asipoweza aielekee dunia, na hilo nalo likimshinda basi popote alipoelekea. Mwambie akiwa Europa aitafute dunia upande lilipo jua, itakuwa kinukta kidogo.