Mrejesho: yule mwanangu aliyekuwa anakula udongo

Wakuu, nimerudi. Mwezi uliopita niliuliza kuhusu mwanangu wa miaka 6: viganja vyeupe, akicheza kidogo anahema, na akipita ukutani lazima abandue udongo atafune. Wengi mlisema minyoo, wawili mkasema karogwa (mnajijua).

Tumepima choo kubwa na damu. Ni safura, ile minyoo ya kumaliza damu. Damu ilikuwa 8.2, wakati kwa umri wake inatakiwa angalau 11.5. Kapewa albendazole miligramu 400 mara moja, na dawa ya kuongeza damu ambayo ataendelea nayo miezi mitatu.

Kilichonishangaza ni njia ya kuingilia. Mimi nilikuwa namgombeza kwa kutonawa mikono, kumbe minyoo hawa wanatoboa ngozi ya mguu. Wanaingia kwenye damu, wanafika mapafuni, wanapanda hadi kooni, mtoto anameza, ndipo wanang'ang'ania utumbo na kunyonya damu. Na hamu ya udongo mara nyingi inaendana na huko kupungukiwa damu.

Huku kwetu Mbagala mvua ikinyesha tu, jirani wa juu anatapisha choo, maji yote yanashukia uani kwetu. Mtoto anacheza humo peku! Nimenunua kandambili pea mbili, maana moja lazima ipotee.

Kipimo cha marudio wiki iliyopita hakikuona mayai ya minyoo, damu imefika 9.6. Udongo kaacha. Jirani tumempeleka kwa mjumbe, kaahidi kuita gari la majitaka. Tunasubiri.