Tairi ya mbele kulia inacheza na kuvuma, Land Cruiser pickup HZJ79, beringi mpya bado tatizo lipo

korosho_tandahimba
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada kabla sijatoa hela nyingine. Nina pickup ile HZJ79 injini ya 1HZ, msimu wa korosho inatoa magunia vijijini kupeleka ghalani, msimu ukiisha inabeba chochote, mbao, saruji, maji. Sasa tairi ya mbele kulia inacheza. Ukiinua na jeki ukashika juu na chini ukatikisa unaisikia kabisa kok kok. Halafu kuna mvumo, kuanzia spidi 50 unaanza mdogo mdogo, nikifika 80 pale lami ya Ndanda kwenda Masasi mle ndani hamsikilizani mpaka mpaze sauti. Fundi kabadilisha beringi zote mbili za tairi hiyo, ya ndani na ya nje, pamoja na oili sili yake, mvumo ukapungua kidogo ila kucheza kuko palepale. Sasa ananiambia niagize hab nzima, kile chuma cha katikati tairi linapofungwa. Na stelingi siku hizi nikipiga shimo inatetemeka mkononi inachukua muda kutulia. Ni hab kweli au kuna kitu kingine?

fundi_masasi
Mkuu hab usiagize kwanza. Hab kufa yenyewe ni mara chache, labda kikombe cha beringi kiwe kimezungukia ndani yake mpaka kimekula chuma, na hiyo fundi wako angeiona alipofungua.

Gari yako mbele ni ekseli nzima, haina boljointi kama hizi Hilux za siku hizi. Nako, kile chuma kinachogeuka pamoja na tairi ukikata kona, inakaa kwenye beringi mbili ndogo za kingpini, moja juu moja chini. Zikilika hizo, ukitikisa tairi juu na chini inacheza vilevile kama beringi ya tairi, kwa mkono tu hutofautishi, ndio maana watu wengi wanabadilisha beringi za tairi na gari inarudi vilevile. Fanya hivi. Kwama tairi za nyuma kwa mawe, jeki iweke juu ya ubao maana mchanga wetu huku unaimeza, halafu chini ya ekseli weka stendi au gogo la maana, usiingize kichwa kwenye gari iliyoshikwa na jeki peke yake. Tikisa juu na chini usikie mchezo. Kisha mtu apande akanyage breki kwa nguvu asiachie, wewe utikise tena. Breki ikishika inaifunga hab na nako viwe kitu kimoja. Kwa hiyo mchezo ukipotea hapo, ni beringi za tairi, ina maana hizo mpya hazikukazwa inavyotakiwa. Mchezo ukibaki ni kingpini. Mulika na tochi pale nako inapokutana na lile bakuli la duara la ekseli, utaona nafasi inafunguka na kufunga.

Ukimaliza hapo shika kushoto na kulia utikise. Ikicheza upande huo peke yake angalia rodi endi, vile viungo vya mwisho wa fimbo za stelingi, weka kidole kwenye kiungo mwenzio akitikisa, iliyokufa utaisikia inaruka.

dereva_liwale
Naongezea kwenye mvumo maana huo ni ugonjwa mwingine, usiuchanganye na huo wa kucheza. Pickup hiyo kama ina zile fri hab za kuzungusha kwa mkono basi una kipimo cha bure. Endesha lami zikiwa FREE, usikilize. Simama, zungusha zote mbili kwenye LOCK lakini gia ya foo wili iache 2H, yaani tairi za nyuma tu ndizo zinavuta, endesha tena spidi ileile. Zikiwa FREE difu ya mbele, propela shafti na zile jointi za ndani ya nako zimelala, hazizunguki. Kwa hiyo mvumo wa mbele ukiwepo zikiwa FREE ni beringi ya tairi au ni tairi lenyewe. Ukija zikiwa LOCK tu, geukia difu na propela.

Halafu ukiwa spidi 60 sehemu iliyo wazi, yumbisha gari taratibu kushoto kisha kulia. Ukienda kushoto uzito unalalia kulia, mvumo ukipanda hapo beringi ya kulia ndiyo inalia. Usipobadilika kabisa, pitisha kiganja kwenye tairi kwa kuzunguka, kwenda na kurudi. Sisi wa njia ya Nangurukuru Liwale tairi za mbele zinakuwa mabonde mabonde, na tairi hizi za kashata, zenye meno makubwa, zikiliwa hivyo zinavuma sawasawa na beringi mbovu, usipojua utabadilisha beringi mpaka uchoke.

mtu_wa_mikindani
Mimi naona mnazunguka. Hapo fungua hab, kaza nati ya ndani mpaka mchezo uishe, funga, endelea na kazi. Gari ya mzigo haihitaji mahesabu.

fundi_masasi
Ndugu yangu wa Mikindani hapo sikubaliani nawe hata kidogo, hiyo ndiyo inayoua spindo, ule mhimili ambao hab inazungukia. Kama mchezo uko kwenye kingpini utakaza nati mpaka beringi ishindwe kuzunguka na tairi bado litacheza. Ukitoka hapo kwenda Newala na mzigo, ile hab inachemka, grisi inayeyuka inatoka nje, beringi inaungua na kujishika kwenye spindo. Spindo ikishaliwa ndio unatafuta ya mtumba Dar.

Nati hizo ni soketi ya 54, sio patasi na nyundo. Mkuu wa Tandahimba ukifungua kile kifuniko cha fri hab angalia kingo za nati, ukikuta zimechongwachongwa na kuna vumbi la chuma kwenye grisi ujue aliyefunga alipima kwa sikio. Unakaza kwanza kama Nm 60 huku unazungusha hab kushoto na kulia ili beringi zikae, unalegeza mpaka nati ishikike kwa mkono, halafu unakaza tena kidogo tu. Kupima, chukua ile mizani ya ndoano wanayopimia samaki, ndoano uitie kwenye bolti moja ya tairi, vuta. Hab ianze kuzunguka kwenye kilo 3 hadi 5 hivi. Ikienda kwa chini ya hapo imelegea, ikigoma imebana mno. Kisha weka washa ya kufunga, kile kibati cha duara, kaza nati ya pili, halafu ukunje hiyo washa. Basi, mizani hiyo kila gengeni ipo.

korosho_tandahimba
Wakuu nashukuru sana, leo nimeshinda nayo. Kijana kakanyaga breki na tairi limecheza vilevile, halijapungua hata kidogo, na kwa tochi nimeona kabisa nako inapanda na kushuka kwenye lile bakuli. Kushoto na kulia haichezi. Nyuma ya nako kuna mafuta yamechuruzika mpaka ndani ya rimu, nimegusa, grisi imekuwa uji mwepesi na ukiisugua vidoleni ina mchanga. Mvumo upo FREE na LOCK, kuyumbisha haubadiliki, na tairi zote mbili za mbele kiganja kinaruka. Kwa hiyo nifanyeje sasa?

fundi_masasi
Jibu umeshalipata, kingpini na tairi. Huo uji ni oili ya difu imepita oili sili ya ekseli kwa ndani ikachanganyika na grisi ya nako, na mchanga umeingia kwa ile sili ya nje inayofuta bakuli. Nunua kiti ya nako, yaani seti ya vipuri vyake, iwe na beringi zote mbili za kingpini, vikombe vyake na sili za nje, pamoja na oili sili ya ndani ya ekseli. Fanya pande zote mbili, kushoto nako kumekula barabara ileile. Fundi akifungua zile shimu nyembamba za juu na za chini azitenganishe, kila moja irudi ilikotoka, asizichanganye wala kuzitupa, ndizo zinazobana kingpini na kuweka nako katikati. Jointi ya ndani ioshwe na dizeli mpaka chuma kionekane, ikaguliwe, irudi na grisi mpya nyeusi ya molibdeni. Zile beringi mpya za tairi nazo zioshwe zijazwe upya kama mchanga umezifikia, usizitupe kama bado zina uso laini.

Usisahau kile kipumulio cha difu juu ya ekseli. Kikiziba kwa tope, difu ikipata moto oili inatafuta pa kutokea, na sili mpya utaiua tena mapema.

dereva_liwale
Na huko kutetemeka kwa stelingi mashimoni, kingpini ikishakazwa kutapungua sana. Kukibaki, angalia bushi za lile chuma refu linalozuia ekseli isiende pembeni, na shokapu ndogo ya stelingi. Tairi hizo za mbele peleka nyuma kwa sasa, mvumo utauhamisha lakini beringi utaisikia vizuri ikianza. Halafu upimishe alaimenti kabla hujafunga tairi mpya mbele.

korosho_tandahimba
Sawa wakuu. Kipumulio nimekiangalia sasa hivi, kimeziba tope kabisa. Hab siagizi, naagiza kiti mbili na sili za ndani, mzigo wa wiki hii utachukuliwa na gari ya jirani.