Ushauri: mimi na mume wangu tunataka kutembea kwa miguu Lushoto mpaka Mtae, tusije tukarudi kila mtu na basi lake

Mama Zaki
Habari za jioni wana jukwaa. Niko Tanga mjini, Chumbageni. Mume wangu tangu mwaka jana ameshikwa na jambo moja tu: tutembee kutoka Lushoto mpaka Mtae, huko milima ya Usambara, kijiji kwa kijiji, tukilala njiani. Mama mkwe kasikia, akauliza, "Kwani magari ya Mtae yamekwisha?" Mimi safari yenyewe nimeanza kuipenda. Shida ni mwenzangu anavyoipanga.

Anataka siku tatu. Mwongozaji hataki, anasema ramani iko kwenye simu. Likizo yake ni mwezi wa nne. Begi alilofunga juzi nilimbembeleza mwenye duka la nafaka hapa jirani alipime: kilo 19. Ndani mna sufuria la kutosha wali wa watu sita, jiko la gesi na redio.

Jumapili tulifanya mazoezi, mjini hadi mapango ya Amboni. Kwenda tu ni kama kilomita 8, tambarare. Yeye mbele, mimi nyuma. Akishaniacha mbali anakaa chini ya mwembe ananingoja. Nikimfikia nahema, anainuka anasema "haya, twende". Mara ya nne nikakaa chini nikakataa kuinuka. Tulirudi na bajaji, hatusemezani. Kisigino kina lengelenge na goti la kulia linanigongagonga nikishuka ngazi.

Je, tuahirishe au ni mimi mvivu?

Msambaa wa Mlalo
Dada, wewe si mvivu. Mumeo kila akikaa kwenye mwembe anapumzika, na wewe ukifika mapumziko yamekwisha. Siku nzima yeye kapumzika mara nne, wewe sifuri. Dawa yake ni moja: wewe tangulia, yeye afuate nyuma yako na asikupite hata kama anaona unatambaa.

Mwezi wa nne sahauni kabisa. Hiyo ndiyo masika yenyewe. Udongo wa kwetu ukilowa ni mwekundu na unateleza kama sabuni, na njia za mkato zinapita kwenye makorongo. Njooni mwezi wa saba au wa tisa. Wa saba kuna baridi na ukungu, mtu wa Tanga utadhani umeingizwa kwenye friji, lakini njia ni kavu.

Kijana wa Raskazoni
Nunueni dawa za kuzuia ugonjwa wa mwinuko mapema, milima si mchezo. Jamaa yangu Kilimanjaro alitapika siku mbili.

Nesi wa Ngamiani
Kijana, usiwatie hofu. Kilimanjaro ni mita 5,895. Lushoto mjini ni kama 1,400, na huko juu msituni unazidi 2,000 kidogo tu. Hizo dawa hawazihitaji. Kitakachowasumbua ni miguu.

Mama Zaki, lengelenge kama halijapasuka liache, lifunike kwa plasta. Siku ya safari usisubiri litoke: ukisikia tu pahala panawaka moto, simama hapo hapo, vua kiatu, kausha mguu, bandika plasta. Wengi wanaona aibu kusimamisha wenzao, jioni ngozi imetoka. Soksi mbili zipishane, moja ikikauka juu ya begi. Kucha kata fupi, la sivyo wakati wa kushuka zitagonga kiatu mpaka ziwe nyeusi.

Goti lako linalia ukishuka, kwa hiyo kushuka ndiko ukuogope kuliko kupanda. Kata fimbo mbili, shuka kwa hatua fupi. Lakini kwanza nenda hospitali wakalitazame, usilipeleke Mtae likiwa na siri.

Mzee Kofia
Mimi na marehemu bibi yenu tuliitembea njia hiyo, tena kwa kandambili. Sasa mnapima begi kwenye mizani.

Msambaa wa Mlalo
Shikamoo mzee. Kandambili hizo ulivaa siku zote au ulibebwa kuanzia kijiji cha Rangwi kwenda mbele? 😂

Mzee Kofia
Marahaba. Hilo nitajibu siku nyingine.

Bwana Fimbo
Kuhusu siku tatu: inawezekana, ila mtafika mmenuniana. Sisi tulichukua tano. Siku ya kwanza tulipita msitu wa Magamba, ni hifadhi iliyo chini ya TFS, wale wakala wa misitu wa serikali, kwa hiyo pitieni ofisini mlipe kiingilio. Mle mna mbega, na mkiwa na mtu wa kuwaonyesha mtaona na vinyonga wenye pembe. Halafu Lukozi, halafu Rangwi tukalala kwa masista. Ukioga maji ya moto pale baada ya siku mbili za vumbi unaweza kulia.

Mwongozaji chukueni. Ramani ya simu haijui njia ipi imelimwa viazi. Na mkiuliza wenyeji watawaambia "ni hapo tu", huku mkono umenyooshwa juu kweli kweli. Hiyo "hapo" ilitula saa mbili na nusu.

Sufuria na jiko acheni nyumbani. Njia nzima ni vijiji, chakula kipo. Bebeni maji, vidonge vya kusafishia maji, sweta, koti la mvua. Begi la kila mmoja lisizidi kilo 8. Mkifika Mtae ulizeni jioni ile ile habari ya basi la kurudi, linaondoka alfajiri gizani. Sisi lilituacha.

Sista wa Muheza
Naongeza moja tu. Mazoezi ya Amboni ni tambarare, hayawafundishi mlima. Nendeni Amani mpande kwa miguu kutoka Sigi, mshuke siku hiyo hiyo. Goti litasema ukweli hapo kabla ya kula nauli ya Lushoto.

Mama Zaki
Asanteni sana. Nimemsomea yote, isipokuwa ya Mzee Kofia maana angeitumia kama ushahidi. Likizo kaenda kuomba ibadilishwe iwe mwezi wa saba. Siku tano kakubali. Mwongozaji kakubali baada ya kusikia habari ya viazi. Jumamosi ijayo tunapanda Amani, mimi mbele.

Redio imerudi kabatini. Sufuria bado anabishania.