Tetea kaatamia mayai 15, kaangua vifaranga 4 tu. Nimekosea wapi?

Mfugaji Mpya (Kihonda, Morogoro):
Wakuu, shikamooni kwa wakubwa. Nina matetea watano na jogoo mmoja, wote wa kienyeji. Mmoja alianza kuatamia, nikamwekea mayai 15 niliyokuwa nimeyakusanya jikoni. Siku ya 21 vikatoka vifaranga vinne, kesho yake asubuhi akashuka navyo, hakurudi tena. Nilipohesabu yaliyobaki nikakuta 13! Nikayapasua: matano meupe kabisa, matatu viza, mawili yana vijitoto vidogo kama kidole, na matatu yana vifaranga kamili, na manyoya tayari, vimefia ndani. Hivyo vitatu ndivyo vimeniuma. Kuna mwingine yuko siku ya sita sasa, sitaki yajirudie.

Babu Tetea:
Marahaba. Kumi na tatu na wanne ni 17, wewe uliweka 15. Wenzake waliingia kutaga humo humo, na hivyo vijitoto viwili ndiyo mayai ya wageni. Weka alama ya mkaa kwenye kila yai, na kila jioni tetea akishuka kula, toa lisilo na alama. Hayo meupe, uliyakusanya kwa muda gani?

Mfugaji Mpya:
Kama wiki tatu, mzee wangu. Yalikuwa rafuni juu ya jiko.

Babu Tetea:
Basi ndiyo hapo. Yai la kuatamiwa lisizidi siku saba, likae mahali pa baridi, ncha nyembamba chini, wala usilioshe. Kwa tetea wa kienyeji wa kawaida 10 hadi 12 yanatosha. Yakizidi, ya pembeni hayapati joto.

Mama Kuku:
Mdogo wangu, pole. Hao watatu wangeweza kupona. Vifaranga vya kwanza vikikauka manyoya, viondoe uviweke kwenye boksi lenye kitambaa, mahali pa joto. Vinaweza kukaa siku nzima bila kula, bado vina kiini tumboni. Mama akikosa vya kutembea navyo anaendelea kulalia yaliyobaki. Ila naomba jambo moja: nenda usiku na tochi, weka mkono kwenye kiota cha huyo wa pili, uhesabu mpaka 30.

Mfugaji Mpya:
Nimetoka huko sasa hivi. Dada, vidudu vidogo kama vumbi vimepanda mpaka kwenye kiwiko, vingine vyekundu. Na tetea alikuwa amesimama, hajalala.

Mama Kuku:
Huo ni utitiri. Unamnyonya damu usiku, anasimama, mayai yanapoa. Usingoje asubuhi. Andaa kiota kipya: mchanga mkavu chini, majivu yaliyopoa, nyasi kavu juu. Mhamishe gizani pamoja na mayai yake, gizani hashtuki sana. Nyasi za zamani choma. Maji na pumba ziwe karibu, asiende mbali.

Babu Tetea:
Kesho usiku, siku ya saba, yapime kwa tochi ya simu. Ukiona mishipa myekundu kama utando wa buibui, kifaranga kimo. Likiwa jeupe tupu, toa.

Mfugaji Mpya:
Nimemhamisha. Amezunguka mara mbili, kayavuta mayai kwa mdomo, kakaa. Kesho nitaleta majibu ya tochi.

Mfugaji Mpya (siku iliyofuata):
Kati ya 11, tisa yana mishipa.